Ahali za Watu juu ya Maji ya Kivu

Katika tarikhi za nchi yetu ya Kongo, ambazo aghalabu ziliandikwa na wageni, Ziwa Kivu huonekana ama kama mpaka uwatengao watu, ama kama njia ya kupitishia shehena. Na ni nadra kulikuta likitajwa kwa jambo ambalo wenyeji wa fukwe zake wamelijua tangu kale, nalo ni kwamba maji haya yamekuwa njia ya ahali nzima, mume na mke, watoto na wakongwe, wakihama, wakitembeleana na kukimbia maafa. Wala si maji haba: kutoka Goma, kaskazini, hata Bukavu, kusini, ni mwendo wa kilomita zipatazo 100, uso wa ziwa umeinuka mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kina chake chapita mita 470, na katikati kimelala kisiwa cha Idjwi, kirefu na chenye watu wengi.

Idjwi ndiyo shahidi wa kwanza. Mwanahistoria David Newbury, aliyechapisha mwaka 1991 kitabu juu ya wafalme na koo za kisiwa hicho, ameonyesha kwamba kaumu yake haikuchipuka mahali pamoja, bali ilikusanyika kutoka Rwanda upande wa mashariki, Bushi upande wa kusini, na nchi ya Wahavu upande wa magharibi, ambako ndiko ilikotoka nasaba ya wafalme wa Basibula. Hakuna hata mmoja wao aliyefika kwa miguu. Kila ukoo unaojivunia asili yake kisiwani ulivuka kwa mtumbwi wa gogo lililochongwa, usio na tanga, uliosukumwa kwa nguvu ya mikono na makafi. Na katika njia hizo hizo ndimo vilimopita vikuku vya nyuzi viitwavyo butega, kazi ya Watembo wa milima ya magharibi, vilivyotumika mfano wa fedha katika biashara ya kuvuka ziwa.

Mtumbwi hauna chumba wala pazia, na mzigo uliosogezwa pasipo hadhari waweza kuupindua. Kwa hiyo kila nafsi ilikuwa na mahali pake, wenye nguvu kwenye makafi, wazee na watoto chini karibu na sakafu, na adabu ya chomboni ikawa ni adabu ya nyumbani iliyozidishwa ukali. Hali ilikuwa nyingine katika majahazi ya bahari kuu: Alan Villiers, baharia na mwandishi aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika chombo cha Kuwait, kutoka Aden hadi delta ya Rufiji, alieleza jinsi wanawake abiria walivyostirika tezini, katika chumba cha chini ya sitaha ya nyuma, ilhali wanaume walijazana juu kwenye jua. Huko bahari ilizitenga ahali kwa muda wa majuma. Huku kwetu ziwa liliwakalisha wote pamoja, goti kwa goti.

Haikosi kutajwa kwamba maji yaliyounganisha yaliweza pia kutenganisha. Mwami Kigeli Rwabugiri wa Rwanda alikiteka kisiwa cha Idjwi, na utawala wake huko haukukoma ila kwa kufa kwake mwaka 1895. Kisha Wazungu, katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1910, wakapiga mstari juu ya maji, Idjwi ikawa ya Wabelgiji na ufukwe wa mashariki ukawa wa Wadachi. Wadachi wakakinyakua kisiwa Septemba 1914, na Wabelgiji wakakirejesha mwaka 1916. Ndugu waliotembeleana kwa mtumbwi tangu enzi za babu zao wakajikuta raia wa dola mbili zinazopigana.

Wabelgiji walipotulia walitaka kuiunganisha Kivu na Tanganyika kwa reli, lakini reli hiyo, iliyoanzia Uvira, iliishia Kamaniola, isilifikie ziwa letu kamwe. Na huku kaskazini meli zikabaki kuwa tegemeo la msafiri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa wa Tanganyika waliletwa na kupandikizwa humu, nao ndio sambaza wetu wa leo, ambao wanaume huwavua usiku kwa taa, katika mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, wakiimba. Alfajiri wanawake wa gati la Kituku, mjini Goma, huwapokea na kuwauza. Hivyo nyumba nyingi za Goma zimekuwa na nusu yake nchi kavu na nusu yake majini.

Na meli za usiku baina ya Goma na Bukavu zimeiendeleza desturi ya mitumbwi kwa namna kubwa zaidi. Jioni wanawake hutandaza vitenge kando ya magunia ya maharage, watoto hulazwa baina ya mama na mabegi, chakula kilichopikwa nyumbani hufunguliwa na kugawiwa hata kwa asiyefahamika, na mkongwe hupishwa mahali pasipo na upepo bila ya kuomba. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe, maelfu walishuka magatini na kuvuka kwenda Bukavu, Minova na Idjwi, wakibeba magodoro na sufuria zao. Njia ya mababu ikawa njia ya uokovu.

Lakini njia hiyo hiyo imetunyang'anya wengi. Aprili 2019 chombo kilizama karibu na Kalehe, na Rais Tshisekedi, aliyetaja watu 150 wasiojulikana walipo, akaagiza kila abiria avae koti la kuokolea. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, lililotoka Minova wakati vita vilipokuwa vimeifunga barabara, lilipinduka mbele ya Kituku, macho ya watu yakiona, na hesabu za marehemu zilizotolewa na wakuu hazikupatana. Jambo hilo lapasa kutuuma sana, maana gunia la maharage lina mwenyewe anayelijua na kulidai, ilhali mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni aweza kuzama pasipo jina lake kuwemo katika karatasi yoyote. Mababu hawakuhitaji daftari, kwa kuwa kila aliyeketi mtumbwini alijulikana na wenziwe wote. Sisi tunaosafiri kwa mamia hatuna hifadhi hiyo, na hatuna budi kuiunda upya kwa kalamu. Majina yote na yaandikwe gatini kabla ya kamba kufunguliwa, la mtoto wa juzi na la bibi wa miaka themanini, na koti liwepo kwa kila mmoja wao. Kwani watu hawa ndio waliolifanya ziwa hili kuwa nchi, na chombo kinachowabeba ni nyumba kabla ya kuwa ghala.