Kuteleza kwa giaboksi ya otomatiki

Hitilafu ambapo injini huongeza mizunguko bila gari kuongeza mwendo unaolingana, kwa sababu klachi za ndani ya giaboksi hazishiki vizuri. Klachi hizo hubanwa kwa shinikizo la oili. Ndiyo maana uchunguzi makini huanzia kwenye oili, kabla fundi hajafungua boliti hata moja. Oili nzuri kwa kawaida ni nyekundu na angavu. Ikiwa imepungua tu, kuziba panapovuja na kuongeza oili huenda kukatosha. Ikiwa ni nyeusi na inanuka kuungua, kwa kawaida pleti za klachi zimeshalika: kumwaga oili hakuziponyi, sharti giaboksi ishushwe, pleti na sili zibadilishwe. Ikiwa chanzo ni solenoidi mbovu, yaani vali ya umeme inayodhibiti oili hiyo, mara nyingi hugunduliwa kwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari.