Kilwa Kisiwani: Mambo ya kufahamu kabla ya kutembelea kisiwa kilichotajirishwa na dhahabu ya mbali

• Leo ni kijiji cha wavuvi, lakini kati ya karne ya 13 na 15 kilikuwa miongoni mwa bandari tajiri zaidi pwani ya Afrika Mashariki.
• Utajiri wake ulitokana na dhahabu iliyochimbwa bara, si kisiwani.
• Kutoka Chunya unaweza kwenda kwa kupitia Dar es Salaam au Songea na Masasi.

Chunya. Mkazi wa Chunya hahitaji kuelezwa dhahabu ni nini. Tangu miaka ya 1920 na 1930 eneo la Lupa limekuwa likivuta wachimbaji kutoka kila kona, na hadi leo ukipita Makongolosi utakutana na makarasha yakisaga mawe.

Kinachosimuliwa mara chache ni habari ya mji ambao haukuwa na hata duara moja la dhahabu, lakini ulijenga kasri na msikiti mkubwa kwa fedha za madini hayo hayo. Mji huo ni Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi.

Kama unapanga safari ya kwenda pwani na hutaki kuishia kupiga picha ufukweni tu, haya ndiyo mambo ya kujua kuhusu kisiwa hicho.

Mji wa mabaharia na mabroka

Dhahabu iliyoitajirisha Kilwa ilichimbwa kwenye nyanda za juu za Zimbabwe ya sasa. Ilisafirishwa hadi Sofala, katika pwani ya Msumbiji, kisha ikapakiwa kwenye vyombo kuelekea kaskazini. Kilwa ilikaa katikati. Kwa lugha ya machimboni, Kilwa ilikuwa broka.

Nafasi hiyo ilitokana na upepo. Vyombo kutoka Uarabuni na India vilikuja na kaskazi, unaoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, na kurudi na kusi, unaoanza karibu na Aprili. Kwa nahodha wa mbali, kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya msimu mmoja kuliwezekana. Kwenda hadi Sofala kulimweka kwenye hatari ya kukwama hadi mwaka unaofuata. Hivyo watu wa Kilwa ndio waliofanya safari za kusini, na wageni wakaisubiri dhahabu kisiwani.

Miongoni mwa vyombo vya pwani hii ulikuwepo mtepe, jahazi ambalo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari.

Mwaka 1331 msafiri kutoka Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa na kuusifu kuwa mmoja wa miji mizuri aliyowahi kuiona. Aliyetawala wakati huo alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa ukarimu wake.

Kilwa pia ilitengeneza sarafu zake za shaba. Moja ilipatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Namna zilivyofika huko bado ni mjadala.

Utakachokiona kisiwani

Msikiti Mkuu. Ulianza kujengwa takriban miaka 1,000 iliyopita na kupanuliwa katika karne zilizofuata. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu ya kuba na matao yake bado imesimama.

Husuni Kubwa. Hili ni kasri la karne ya 14 lililojengwa juu ya genge linalotazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Lipo nje kidogo ya kijiji, hivyo jiandae kutembea kwa miguu.

Gereza. Ngome hii ipo karibu na maji na ndiyo inayokupokea ukishuka kwenye boti. Wareno waliijenga mwaka 1505 na baadaye ikajengwa upya chini ya Waomani. Mawimbi yameshakula sehemu ya ukuta wake.

Usishangae ukiona vyumba vingi vya kale ni virefu lakini vyembamba. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba uliishia pale urefu wa boriti ulipoishia.

Magofu haya, pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na uhifadhi.

Utajiri ulivyoondoka

Julai 1505 meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida ziliuvamia na kuupora mji. Mwaka huo huo Wareno walijenga ngome Sofala, yaani waliikamata dhahabu kabla haijafika kwa broka. Walipoondoka Kilwa mwaka 1512, biashara iliyoujenga mji ilikuwa imevurugika.

Kisiwa kiliinuka tena karne ya 18, safari hii kwa pembe za ndovu na watu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alisaini mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kilwa Kivinje, upande wa bara, ambako misafara iliwaleta mateka kutoka maeneo ya Ziwa Nyasa na kwingineko kusini.

Kwa mgeni anayetoka Nyanda za Juu Kusini, sehemu hii ya historia haipaswi kurukwa. Muombe mwongozaji aieleze sambamba na habari za masultani.

Namna ya kufika

Kutoka Chunya utashuka kwanza Mbeya mjini. Hapo una njia kuu mbili.

1. Kupitia Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kisha takriban kilomita 300 kuelekea kusini. Ukipanda basi la Lindi au Mtwara, shuka Nangurukuru na utafute usafiri wa kwenda Kilwa Masoko.

2. Kupitia Makambako, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi hadi Lindi, kisha kupanda kaskazini hadi Nangurukuru. Ni njia ndefu na utabadilisha mabasi, lakini inakuonyesha kusini yote.

Kwa njia yoyote, tenga angalau siku mbili za kwenda. Kama ni kipindi cha masika, ulizia hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Ukifika Kilwa Masoko, anzia kwenye ofisi ya uhifadhi ili upate kibali na mwongozaji. Hakuna daraja la kwenda kisiwani. Utavuka mkondo wa bahari wa takriban kilomita mbili kwa boti au mashua. Vuka asubuhi bahari ikiwa shwari, na uliza saa za maji kujaa na kupwa, la sivyo unaweza kushuka mbali na kutembea kwenye matope.

Mambo ya kuzingatia

• Vaa kwa heshima. Wakazi wengi ni Waislamu, na magofu yapo katikati ya makazi yao.
• Omba ruhusa kabla ya kupiga picha watu, hasa kinamama.
• Beba maji ya kunywa, kofia na fedha taslimu za noti ndogo.
• Kula na kununua vitu kisiwani. Wanaoishi pembeni ya kasri la sultani leo wanategemea zaidi uvuvi na kilimo kidogo, na wageni wengi hurudi Masoko bila kuacha hata senti kijijini.
• Usiokote chochote. Unaweza kuona kipande cha kauri ya China au kigae cha chungu njiani. Mbali na kukatazwa na sheria, kipande hicho kikitoka pale kilipolala hakimsaidii tena mtaalamu kujua nani alifanya biashara na nani, na lini. Dhahabu ilishaondoka yote. Vigae ndivyo vilivyobaki.