Neno "Ujinga" na Safari Yake

Mtoto akichezea maji ya kunywa huambiwa, "Acha ujinga!" Mtu mzima akitenda jambo lisilo kichwa wala miguu, naye huambiwa vivyo hivyo. Hivyo ndivyo tulitumiavyo neno hili leo: ujinga ni mzaha usio mahali pake, ni mwenendo wa kipuuzi. Lakini, msomaji wangu, neno hili lina historia nzito.

Katika karne ya 19, huku pwani na Unguja, mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga, na yule aliyezaliwa hapa hapa aliitwa mzalia. Mjinga huyo hakupungukiwa akili. Kwao alijua misimu ya kulima, miti ya dawa na mila za wazee wake. Asichokijua ni lugha na desturi za mji aliotiwa kwa nguvu. Waliomnyang'anya kwao ndio waliomwita mjinga! Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini neno likabaki.

Baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1970 ukafanywa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Siku hizo nilikuwa kijana, nikawafundisha kusoma wazee walionizidi umri mara mbili. Walisema bila haya kwamba wamekuja kufuta ujinga. Hawakuona haya kwa kuwa ujinga ulikuwa adui wa taifa zima, kama malaria. Haukuwa tusi la mtu mmoja.

Wazee wetu walitenga ujinga na upumbavu. Mjinga hajui, na akifundishwa hujua. Mpumbavu hufundishwa asishike. Ndiyo maana wakasema, "Mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani."

Katika chuo cha ualimu nililisisitiza jambo hili kwa walimu wanafunzi. Mtoto aliyeitwa mjinga mbele ya wenzake hanyoshi mkono tena, na asiyeuliza hubaki na lile lile asilolijua. Kuuliza si ujinga, twasema kila siku. Basi anayeuliza asiitwe mjinga. Akifanya upuuzi, akatazwe upuuzi wake kwa jina lake. Na asipojua, afundishwe. Hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa.