Tembe Yenye Umri wa Nairobi

Mathe anauza mitumba Gikomba, na goti lake limemsumbua tangu niwe mtoto. Jioni akishuka matatu, kabla hata ya kufika keja, alikuwa anapitia dukani: "Nipe ile ya maumivu." Anafungiwa tembe mbili kwa karatasi. Hakuna boksi, hakuna maelezo. Asubuhi anameza na chai ya rangi, bila mkate, huyo anatoka.

Mwaka juzi akaanza kupata choo cheusi kama lami. Tukadhani ni chakula. Siku alipoanguka jikoni ndio tukaambiwa ana vidonda vya tumbo na vinavuja damu. Daktari akaniuliza, "Mama amekuwa akimeza nini?" Nikatafuta nyumbani, nikamletea ile karatasi. Ilikuwa diclofenac.

Alipona. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usinisome kama daktari. Lakini hiyo wiki nilikaa kwa benchi la wodi nikisoma historia ya hizi dawa kwa simu, na kuna kitu kimenikera tangu siku hiyo.

Rudi 1899. Reli inafika Nairobi mwisho wa Mei, na hapa hakuna mji, ni kinamasi na mahema. Machi ya mwaka huo huo, kampuni ya Bayer huko Ujerumani imesajili jina Aspirin. Yaani tembe hii na mji huu ni rika moja. Mkemia wao, Felix Hoffmann, alikuwa ameitengeneza 1897, na moja ya sababu ni kwamba dawa iliyoitangulia, asidi ya salisili, ilikuwa inachoma tumbo. Ona hapo. Tumbo lilikuwa kwa hii stori tangu siku ya kwanza. (Heinrich Dreser, aliyekuwa akipima dawa pale, mwanzoni aliikataa akisema itaharibu moyo. Leo watu wa moyo wanapewa dozi ndogo ya aspirini na daktari. Maisha.)

Vita Kuu ya kwanza ikakata dawa za Mjerumani, na 1915 George Nicholas wa Melbourne akatengeneza yake, ikaitwa Aspro. Hiyo ndiyo wazee wetu waliijua. Watu wakajenga reli, wakajenga Kaloleni, uhuru ukaja, na muda huo wote ulimwengu unameza aspirini bila mtu kujua inafanyaje kazi. Miaka 72, manze!

Jibu lilikuja 1971, London, kwa John Vane, na 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel. Ukiumia, mwili wako unatengeneza kemikali zinazoitwa prostaglandini. Hizo ndizo zinafanya mahali pavimbe, papate joto, na mishipa ya fahamu ipige kelele. Aspirini inazuia kimeng'enya kinachozitengeneza. Brufen na diclofenac zinafanya vivyo hivyo. Brufen, by the way, ni ibuprofen ya Stewart Adams wa Nottingham, ambaye aliijaribu mwenyewe asubuhi moja akiwa na hangova kabla ya kutoa hotuba. Msee wa maana.

Sasa shida ndiyo hii. Prostaglandini hizo hizo ndizo zinalinda ukuta wa tumbo usiliwe na asidi, na zinasaidia damu kufika kwa figo. Dawa haichagui goti ikaacha tumbo. Kinachokupa nafuu ndicho kinachokutoboa. Ndiyo maana kumeza baada ya kula ni vizuri lakini hakukuokoi ukimeza kila siku, na hata ile sindano ya makalio inaweza kukuletea vidonda, kwa sababu inafika tumboni kupitia damu.

Sisemi uzitupe. Umeteguka kifundo kwa ball, jino limevimba, maumivu ya hedhi (ambayo ni prostaglandini zikikaza mji wa mimba), hapo zinafaa kweli: dozi ndogo inayotosha, siku chache. Kichwa tu au homa, mara nyingi parasetamoli inatosha. Hiyo si ya ukoo huu na haichokozi tumbo, ila ukiizidisha inaua ini. Usichanganye brufen na diclo, ni ndugu. Soma pia pakiti za dawa za kichwa, kuna zenye aspirini ndani. Watoto wasipewe aspirini bila daktari. Kama una vidonda, ugonjwa wa figo, mimba, au umetoka Mombasa na homa inayoweza kuwa denge, uliza kwanza.

Hayo yote yalijulikana kabla mathe hajaanza kuuza Gikomba. Yameandikwa kwa kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi, ambacho hakuwahi kukiona.

Siku hizi anapaka jeli kwa goti na anafanya mazoezi aliyoonyeshwa. Wiki iliyopita nilienda pale dukani nikamwomba mwenye duka anionyeshe boksi. Hakuwa nalo. Na yeye huuziwa zikiwa zimekatwa hivyo hivyo.