Mikono ya Mtume Katika Karatasi ya Dürer

Picha ya mikono miwili iliyokutanishwa viganja, vidole vikielekea juu, imetundikwa katika nyumba nyingi za Wakristo, na pengine huchongwa juu ya makaburi. Wachache miongoni mwa waitazamao wajua kwamba aliyeichora, Albrecht Dürer wa Nürnberg, hakuichora ili itundikwe.

Hadithi isimuliwayo yasema kuwa nduguye alikwenda kufanya kazi migodini ili amlipie gharama za kujifunza, hata mikono yake ikaharibika asiweze tena kushika brashi. Ndipo Dürer akaichora kwa shukrani. Ni hadithi tamu, wala simcheki aliyetokwa na machozi kwa kuisikia. Lakini haina shahidi. Dürer, aliyezaliwa mwaka 1471, alianza kufundishwa kazi na Michael Wolgemut mwaka 1486, papo hapo mjini kwao. Na mikono yenyewe, ukiikazia macho, si ya mchimba migodi: vidole ni virefu na vyembamba, navyo havina dalili ya nyundo.

Ukweli ni huu. Mwaka 1508 Dürer alikuwa akitengeneza picha ya madhabahu kwa ajili ya Jakob Heller, mfanyabiashara wa Frankfurt. Ndani yake mitume wamelizunguka kaburi tupu la Bikira Maria, naye yuko juu akivikwa taji. Kwa ajili ya mtume mmoja Dürer alichora kwanza mikono peke yake, kwa brashi, juu ya karatasi ya buluu yenye kimo cha sentimita 29 hivi, akitia kivuli kwa rangi ya kijivu na nuru kwa nyeupe. Barua zake kwa Heller zimesalia, nazo zimejaa ubishi wa bei: walipatana florini 130, na mwishowe akalipwa 200. Mimi nazipenda barua hizo kuliko ile hadithi.

Lakini mikono hii yasema nini? Kiswahili chaita mkono kiungo chote, tangu bega hata ncha za vidole. Kijerumani kina neno moja la mkono wa juu na jingine la kitanga na vidole vyake, na Dürer alichora hicho cha pili, akaukata mkono penye pindo la nguo. Viganja havikubanwa, vidole vyagusana kidogo tu. Mwambie Mwislamu wa pwani achore mikono ya mwenye kuomba dua, naye atachora viganja viwili wazi, vimekingwa kama vya mtu apokeaye. Hata Wakristo wa kale, kama waonekanavyo katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma, waliomba kwa mikono iliyoinuliwa na kukunjuliwa. Desturi ya kukutanisha viganja ilienea Ulaya baadaye, na wanahistoria wengi waihusisha na kiapo cha mtu aliyempigia bwana wake magoti, akatia mikono yake miwili ndani ya mikono ya bwana huyo, awe mtu wake. Ikiwa ndivyo, mikono hii ilisema utii kabla ya kusema ombi.

Picha kubwa ya madhabahu iliteketea kwa moto huko München mwaka 1729. Karatasi ya buluu imehifadhiwa Albertina, mjini Vienna. Na Frankfurt imebaki nakala ya ile picha, kazi ya Jobst Harrich. Katika nakala hiyo mikono imerudi kwa mwenyewe, mtume mmoja kati ya wengi, na jicho la mtazamaji huipita upesi likipanda kwa Bikira Maria.