Kihariri, Chota na Hali

Kijana wa Mwanza akijipatia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, akaiunganisha na runinga ya sebuleni na kibodi ya mtumba, haichukui muda kabla hajauliza: programu zangu niziandikie wapi? Chombo anachokitafuta wengi hukiita "edita". Mimi nakiita kihariri. Mhariri ni mtu, yuko chumba cha habari. Ki- ndiyo inayotupa chombo, kama kipimo na kikokotoo. Kitenzi chenyewe watu wanacho tayari, maana "Hariri" iko juu ya kurasa za Wikipedia ya Kiswahili. Tusikichanganye na kichakata matini, kile cha kukoleza herufi na kupanga barua, kama kilichokuwemo ndani ya Jambo OpenOffice ya mwaka 2004, iliyofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kihariri hakipambi. Kinashika herufi tupu, basi.

Raspberry Pi huja na kihariri kiitwacho nano, na wengi huishia hapo kwa kuwa amri zake zimeandikwa chini ya skrini. Si vibaya. Lakini mpenda maneno namshauri asakinishe kihariri kingine, Vim, kwa sababu amri za Vim zina sarufi. Herufi d ni kitenzi, kufuta. Herufi w ni neno. Ukibonyeza dw umesema "futa neno". Ukibonyeza d2w, "futa maneno mawili". Utamu zaidi uko kwenye mabano. Amri di( hufuta yaliyomo mabanoni na kuyaacha mabano yenyewe, da( huyafagia yote pamoja. Mtoto wa shule ya msingi anaijua tofauti ya yaliyopo na yaliyomo. Hiyo -mo yetu imekaa pale kana kwamba ilitungiwa Vim.

Panaponisumbua ni amri ya y. Wengi wangeitafsiri "nakili", nami siridhiki. Kunakili ni kazi nzima: umechukua, ukaandika upya mahali pengine. Amri ya y huchukua tu na kuweka kwenye rejista, yaani akiba ya muda ya Vim. Hakuna kilichoandikwa mpaka ubonyeze p. Napendekeza chota. Anayechota maji ziwani pale Kirumba, Mwanza, huondoka na ndoo yake, na ziwa liko palepale. Hiyo p ibaki bandika, watu wa simu wameshaizoea. Simu hizohizo zimetuzoesha "hali ya ndegeni", kwa hiyo kwenye Vim, vibonye vinapoandika herufi tuseme hali ya kuandika, na vinapotoa amri, hali ya amri. "Modi" sioni kazi yake.

Vim ina undugu na ziwa letu, Victoria, kuliko wengi wanavyojua. Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa mwaka 1991 kwa ajili ya Amiga, kompyuta iliyopendwa na watu wa kujifundisha wenyewe majumbani. Mwaka 1994 akaenda Kibaale, wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda. Kwetu ni ng'ambo ya magharibi, ukishapita Bukoba na Mutukula. Alifanya kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto, katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao akaanzisha mfuko wa ICCF, na Vim akaendelea kuigawa bure kwa ombi moja: anayeifurahia awachangie watoto wa Kibaale. Vim ikiwa imesakinishwa kamili, andika :help uganda usome mwenyewe.

Moolenaar alifariki Agosti 2023. Kazi ya kuchangia watoto wale imepokelewa na shirika la Kanada linaloitwa Kuwasha. Kitenzi cha Kiswahili kimeshaingia kwenye habari za Vim, ilhali sisi bado tunasema "edita". Wanaotunga kamusi za TEHAMA nawaomba waanze na haya matatu: kihariri, chota, hali.