Mizani ya Akili: Waandani wa Ajabu katika Hadithi, tangu Basra hata Japani

Tangu zama ambazo tarikh haikuziandika, mwanadamu hakupata raha ya kuwa yeye peke yake ndiye mwenye kunena na kufikiri katika ulimwengu huu mpana, na kwa sababu hiyo, kila penye watu wenye kusimulia pamezuka viumbe wa kubuni ambao si watu wala si wanyama wa kawaida: ndege wenye kutibu, paa wenye kuposa, farasi wenye kupigana na majoka, na madubwana yenye kuitikia wito wa mtoto mdogo. Waandani hawa hupewa fahamu ya mtu ndani ya kiwiliwili cha hayawani, na wakisha kupewa fahamu hiyo, msimulizi hana tena pa kulikimbilia swali hili gumu: ikiwa kiumbe huyu anajua kama ajuavyo mtu, au kumzidi, basi ni kwa haki gani mtu akawa bwana na yeye akawa mtumishi? Historia ya hadithi hizo, tangu Basra ya kale hata Japani ya siku zetu, ni historia ya majibu ya swali hilo, nami nasadiki ya kuwa majibu yaliyo bora ni yale yaliyoacha kuhesabu wingi wa akili, yakatazama uaminifu uliotoka katika akili hiyo, na deni lililobaki juu ya yule aliyenufaika nayo.

Katika karne ya 10, mjini Basra katika nchi ya Iraki, palikuwa na jamii ya maulama walioficha majina yao, wakajulikana kwa lakabu ya Ikhwan as-Safa, nao waliandika risala zaidi ya 50 zilizokusanya hesabu, elimu ya nyota, muziki, tabia za viumbe na mambo ya dini. Risala ya 22 katika mkusanyiko huo inahusu wanyama, lakini waandishi wake hawakutosheka na kueleza maumbile ya kwato na mbawa, bali waliigeuza elimu ikawa kisa cha daawa. Merikebu yenye watu wapatao 70 ilitupwa na dhoruba katika kisiwa ambacho mfalme wake alikuwa jini mwadilifu, Biwarasp mwenye hekima. Na watu wale, walipoona kwamba wanyama wa kisiwa kile wanaishi pasipo hofu, wakaanza kuwakamata, kuwapanda na kuwatwika mizigo kama ilivyokuwa ada ya kwao, hata wanyama wakaenda kushtaki kwa mfalme. Jini akaketi kuwa kadhi kati ya mtu na mnyama, jambo lenye maana kubwa, kwa kuwa aliyepewa mizani hakuwa wa upande huu wala wa upande ule, naye alikuwa na akili isiyohitaji kusifiwa na yeyote kati yao.

Wanadamu walitanguliza kimo chao kilichosimama wima, uzuri wa sura zao, ukali wa hisi zao, na wingi wa sanaa zao, na kila hoja waliyoileta ilipata jibu lililoipunguza uzito. Mifugo walieleza mijeledi, mizigo na visu, wakauliza ni ubwana gani huu ambao dalili yake ni dhuluma. Nyuki alieleza namna taifa lake linavyojenga vyumba vya pembe sita vilivyolingana sawasawa, pasipo bikari wala rula, ilhali mhandisi wa kibinadamu hana budi kujifunza miaka mingi kabla hajaweza kuchora umbo kama lile. Maana ya maneno yao ilikuwa moja: kila kiumbe amepewa na Mola wake ilhamu ya kumtosha, na ufundi ambao mtu huutafuta kwa taabu, mnyama huzaliwa nao. Hukumu ilipotoka iliwaendea watu, lakini haikuwaendea kwa sababu ya akili. Iliwaendea kwa sababu ya ahadi ya kufufuliwa na maisha ya akhera, na kwa sababu miongoni mwao wamo mawalii na watu wema ambao sifa zao hakuna aliyeweza kuzikana. Naisoma hukumu ile kuwa onyo zaidi ya kuwa ushindi, kwani mtu aliyepewa ubwana kwa ajili ya akhera amepewa pia hesabu atakayoitoa huko. Mwaka 1316 Kalonymos ben Kalonymos aliifasiri risala hiyo kwa Kiebrania, na Wayahudi wa Ulaya wakaisoma kwa karne nyingi. Kwa hiyo mashtaka ya wanyama wa Basra yalivuka mipaka ya lugha na ya dini.

Karibu na zama za maulama wale wa Basra, katika nchi ya Uajemi, Firdausi wa mji wa Tus alikuwa akitunga utenzi wa Shahnameh, ambao aliukamilisha mwaka 1010, na humo mwandani wa ajabu alipata daraja iliyo juu kabisa. Zal alizaliwa na nywele nyeupe, baba yake akaona haya, akamtupa mlimani. Aliyemwokota na kumlea ni Simurgh, ndege mkubwa ajuaye siri za dunia, ambaye alipomrudisha kwa watu alimpa manyoya yake ayachome siku ya dhiki. Siku hiyo ilifika mke wa Zal aliposhindwa kujifungua, na Simurgh akaja kuwafundisha wanadamu namna ya kumlevya mama kwa mvinyo, kumpasua ubavu, kumtoa mtoto na kumshona, akataja na dawa ya kupaka jeraha. Ndivyo alivyozaliwa Rustam. Hapa akili ya ndege inapita ya waganga wote, wala hakuna anayemdhania kuwa mtumishi, kwa maana yeye ndiye mlezi. Mwandani wa pili katika utenzi ule ni Rakhsh, farasi wa Rustam, ambaye hasemi hata neno. Usiku mmoja jangwani joka lilitokea bwana wake akiwa usingizini. Rakhsh akamwamsha, joka likatoweka gizani, na Rustam, asione kitu, akamkaripia. Mara ya pili mambo yakawa yale yale, na bwana akaapa kumkata shingo akimwamsha tena bure. Farasi akasimama kati ya hofu ya joka na hofu ya upanga wa sahibu yake, akachagua kuamsha mara ya tatu, na ndipo Rustam akaliona joka kwa macho yake. Firdausi alionyesha humo ya kwamba fahamu inaweza kuwa timilifu pasipo ulimi, na kwamba mara nyingine upungufu huwa kwa yule asikilizaye.

Katika pwani yetu, swali hilo hilo lilisimuliwa kwa ladha ya Unguja. Mwaka 1870, Edward Steere, mmishenari aliyekuja kuwa askofu, alipiga chapa mjini London hadithi alizozisikia kwa wenyeji wa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Maskini mmoja aliyekuwa akichakura jaani aliokota thumuni, akanunua nayo paa, na watu wakamcheka kwa kuwa yeye mwenyewe hana chakula naye anatafuta wa kulisha. Paa yule alinena. Alikwenda kulisha mwituni, akaokota almasi, akaipeleka kwa sultani wa nchi ya mbali kama zawadi itokayo kwa bwana wake, ambaye alimpa jina la fahari, Sultani Darai, akamposea binti wa sultani yule. Akambuni bwana kuwa tajiri aliyenyang'anywa njiani, akamvika nguo za heshima. Kisha akaliua joka la vichwa saba, akaitwaa nyumba yake yenye mali isiyo na hesabu, akamkabidhi bwana wake pamoja na mkewe.

Tutazame vizuri jinsi wasimulizi wa Unguja walivyoigawa akili katika kisa hiki. Paa ana busara ya mshenga, ushujaa wa askari, na adabu ya mjumbe wa kifalme, ilhali mtu hana alilotenda ila kuoga, kuvaa na kufuata. Lau kama akili ndiyo ipasayo kuwa hoja ya ubwana, paa angeketi kitini na mtu angeshika hatamu. Lakini paa hataki kiti. Anataka kujua jambo moja tu, nalo analitafuta kwa mtihani: anajilaza, anajifanya mgonjwa, anatuma habari kwa bwana wake. Jibu linalotoka ni kwamba apewe uji wa mtama duni, kwani huyo si mnyama tu aliyenunuliwa kwa thumuni? Mke anasikitika na kumhurumia kwa siri, mume anashikilia ufidhuli wake, na paa anakufa kwa uchungu, akatupwa kisimani. Naye sultani, baba wa yule binti, alipopata habari alikuja kwa kilio kumtoa na kumzika kwa heshima. Usiku mke aliota yupo nyumbani kwa baba yake, akaamka akajikuta yupo huko kweli, na mume akaota anachakura jaa, akaamka yupo jaani. Sijui hukumu iliyo na insafu kuliko hiyo. Kadhi wa Basra aliacha hesabu kwa akhera; msimulizi wa Unguja aliileta hapa hapa duniani, akaonyesha kwamba mtu aliyemrudisha mwandani wake kwenye bei ya ununuzi amejirudisha mwenyewe pale alipokuwa siku ya ununuzi ule.

Karne ya 20 ilipoanza, mizani nyingine iliundwa Ulaya, nayo ilikuwa mizani ya namba. Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga maswali ya kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi shuleni, na mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili ugawanywe kwa umri wa mwili, hata akili ya mtu ikaweza kuandikwa kwa tarakimu moja. Katika miaka hiyo hiyo, mjini Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa akiwaonyesha watu farasi wake Hans, ambaye alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato, na umati ukasadiki kwamba mnyama amefikia akili ya mtoto wa shule. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alibainisha kwamba farasi yule hakuwa akijua hesabu: alikuwa akitazama vitikiso vidogo mno vya kichwa na mwili wa muulizaji, ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua ya kuwa anavifanya, na alipoviona ndipo alipoacha kugonga. Wengi waliichukua habari hiyo kuwa aibu ya farasi. Mimi naiona kuwa fahari yake, kwa sababu alimsoma mwanadamu kuliko mwanadamu alivyojisoma, kama Rakhsh alivyoliona joka ambalo Rustam hakuliona.

Mizani hii ya namba ndiyo iliyowakuta waandani wa ajabu wa Japani. Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida kandokando ya Tokyo, alikuwa mtoto mwenye kupenda kukusanya wadudu, na kutokana na mapenzi hayo alibuni mchezo wa Pokémon, ambao ulitoka tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya chombo cha mkononi cha Nintendo, ukiwa na viumbe 151 ambao mchezaji huwanasa ndani ya tufe, huwafunza na kuwapambanisha. Kila kiumbe aliandikiwa sifa zake katika daftari la kubuni, na humo twamkuta Alakazam, ambaye imeandikwa kuwa ubongo wake hushinda kompyuta kubwa na kipimo cha akili yake ni 5,000, na karibu naye twamkuta Slowpoke, ambaye akiumizwa hupita sekunde tano kabla hajahisi maumivu. Wote wawili hunaswa kwa tufe lile lile, na wote wawili huamriwa na mtoto. Yaani hata namba iliyopita fahamu ya binadamu yeyote haikumnunulia mwenye nayo uhuru wa siku moja, na watoto wengi wenye fikira wameliuliza jambo hilo bila ya kufundishwa na mtu.

Watungaji wa filamu na vipindi vya Pokémon, vilivyoanza kuonyeshwa Japani mwezi wa Aprili 1997, walilisikia swali hilo, na majibu yao yamewarudisha katika njia ya wazee. Pikachu, mwandani wa kijana wa kubuni aitwaye pia Satoshi, hasemi ila jina lake, na hakubali kufungiwa ndani ya tufe. Utii wake ulipatikana baada ya kijana kuukinga mwili wa mwandani wake kwa mwili wake mwenyewe. Meowth, aliye na umbo la paka, alijifunza lugha ya watu kwa jitihada kubwa ili apendwe, na yule aliyempenda akamkataa akimwona kioja, si paka kamili wala si mtu. Na katika filamu ya mwaka 1998, Mewtwo, aliyeumbwa na wataalamu na kupewa akili ya kuwazidi waumbaji wake, aliinuka akawauliza wanadamu ni kwa haki gani wao ni mabwana. Akili yake haikumpatia jibu, ilimpatia ghadhabu. Kilichomtuliza ni kumwona mtoto akijitoa mhanga kati ya mapigo ya wapiganao, na wale viumbe waliotumwa vitani wakimlilia.

Basi tukiziweka pamoja hadithi hizi zilizoachana kwa miaka elfu moja, twaona kwamba kila ilipotokea hoja ya nani ana akili zaidi, hoja hiyo ilishindwa kukata shauri. Nyuki alimshinda mhandisi na bado hakushinda daawa. Simurgh aliwazidi waganga na hakutaka ufalme. Paa alimzidi bwana wake kwa kila jambo na alichohitaji ni maziwa na neno jema. Alakazam ana 5,000 na yumo tufeni. Ubwana wa mtu haukusimama juu ya akili katika hata moja ya hadithi hizi, na pale aliposahau jambo hilo ndipo alipopoteza ubwana na utu pamoja. Kwa hiyo wale wanaowatungia watoto wetu hadithi leo, wawe wanaandika vitabu au wanachora picha za kutembea, wasiwafundishe kuwapanga viumbe kwa tarakimu na kumheshimu aliye juu ya orodha. Wawafundishe kuuliza: amenitendea nini huyu, nami nimemlipa nini? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo juu ya joka la kubuni atajua kuuliza hivyo juu ya punda wa mkokoteni, na juu ya mtumishi wa nyumbani, na juu ya kila ambaye dunia imempa bei ya thumuni.